Mbeleko ya Kunyonyeshea Njiani: Khanga, Pete, Kitambaa cha Kuvutika au Mikanda?

Mama anayenyonyesha na ambaye hawezi kushinda nyumbani huhitaji mbeleko inayofanya kazi mbili zinazogombana: imkaze mtoto kifuani wakati wa kutembea, kisha ilegee upesi mtoto anapodai ziwa, bila kumlazimu mama kutafuta mahali pa kumlaza kwanza. Nimetumia aina nne za mbeleko kwa mtoto wangu, tangu alipokuwa kichanga hadi alipoanza kutambaa, hapa Dar es Salaam, katika safari za kawaida za mwanamke wa mjini: kliniki, sokoni, kazini, na Kigamboni kwa wakwe kupitia kivuko. Hukumu yangu naitoa mapema kwa ajili ya msomaji mwenye haraka. Kwa kunyonyesha njiani, mbeleko ya pete, yaani kitambaa kinachobanwa begani kwa pete mbili badala ya fundo, ndiyo inayostahili fedha zako. Khanga ndiyo inayostahili kuwamo mkobani kila siku. Na zile za mikanda zenye bei kubwa zina kazi nyingine.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi atimize miaka 2 au zaidi. Ushauri huo ni mwepesi kuusoma kwenye ukuta wa kliniki kuliko kuutekeleza ndani ya foleni ya Mbagala, kwa sababu kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na hakuna mwenye shughuli zake anayeweza kupanga safari zote ziangukie katikati ya nafasi hizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri amruhusu anayenyonyesha kutumia hadi saa 2 za kazi kwa siku kwa ajili hiyo. Lakini saa 2 hizo huishia barabarani ikiwa mtoto yuko Kimara na ofisi iko Posta. Wengi wetu huletewa mtoto na dada wa nyumbani au huenda naye wenyewe, na hapo mbeleko huwa kifaa cha kazi, wala si pambo la picha za arobaini.

Kabla ya kulinganisha chochote kuna jambo lisilo na mjadala. Mtoto wa chini ya miezi 4 hana nguvu za kutosha shingoni. Akikunjika ndani ya kitambaa hata kidevu kikalalia kifua, njia yake ya hewa hubanwa, naye hawezi kulia wala kujinasua. Vivyo hivyo kitambaa au mwili wa mama ukimziba pua na mdomo, dakika moja au mbili zinatosha kuleta msiba. Mwezi Machi mwaka 2010 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji ilitoa onyo kuhusu mbeleko za bega moja baada ya kuchunguza taarifa za vifo 14 vilivyotokea katika kipindi cha miaka 20, na 12 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miezi 4. Baadaye mwezi huohuo kampuni ya Infantino iliziondoa sokoni mbeleko zake zipatazo milioni 1 za muundo wa mfuko, ambao ulimfanya mtoto alale amejikunja ndani kama kitunguu kwenye kapu.

Onyo lile lilikuwa na ushauri unaomhusu anayenyonyesha moja kwa moja: mtoto akishamaliza kunyonya ndani ya mbeleko, abadilishwe mkao ili kichwa chake kielekee juu, na uso uwe mbali na kitambaa na mbali na mwili wa mama. Kwangu mimi ushauri huo ndio kipimo cha mambo yote yanayofuata. Kumshusha mtoto hadi ziwani ni rahisi karibu kwa kila mbeleko, maana njaa yenyewe humteremsha. Kumrudisha juu akiwa ameshiba, amelala, mzito na amelegea viungo vyote, huku mkono wako wa pili umeshika nauli au mfuko wa nyanya, ndiko kunakotenganisha mbeleko na mbeleko. Nyingi hushindwa hapo, na mama aliyechoka humwacha mtoto alipo, pale chini kwenye mikunjo, akidhani kwamba kwa kuwa amelala basi ametulia.

Mkao unaotakiwa wakati usio wa kunyonya ni uleule kwa aina zote. Mtoto awe wima, amekazwa barabara kiasi kwamba ukiinama hatoki kifuani. Uso uonekane muda wote bila kufunua kitu. Kichwa kiwe karibu kiasi cha kuweza kukibusu kwa kuinamisha shingo kidogo tu. Kati ya kidevu na kifua chake pabaki nafasi ya kupitisha kidole. Magoti yawe juu kuliko makalio, na kitambaa kishike mapaja yote kutoka goti hadi goti, kwa ajili ya nyonga ambazo bado zinajengeka.

Naanza na khanga, kwa sababu hiyo kila mmoja wetu anayo na mara nyingi ndiyo ya kwanza kushikwa. Ubora wake haupingiki. Ni pamba nyepesi, inakauka upesi, haitunzi joto, na siku moja inaweza kuwa mbeleko, shuka, kivuli, taulo na stara ya kunyonyeshea. Kwa kubeba mgongoni mtoto aliyekwisha kukaza shingo, sijaona kitu cha dukani kinachoishinda. Hata hivyo mgongoni hakuna ziwa, na kwa hiyo anayetaka kunyonyesha huifunga khanga kwa mtindo wa bega moja: fundo linakaa mbele ya bega, kitambaa kinapita mgongoni kwa mshazari, na mtoto anakaa ubavuni, ambapo huweza kuzungushwa mbele kidogo hadi alifikie ziwa.

Tatizo liko kwenye fundo. Khanga ikishafungwa imefungwa. Ili mtoto ashuke upana wa kiganja kimoja, inabidi fundo lote lifunguliwe na mtoto ashikwe kwa mkono mwingine, kisha lifungwe upya, na baada ya kunyonya lifunguliwe tena. Mikono miwili haitoshi kwa kazi hiyo ukiwa umesimama kituoni. Kinachofanyika kwa kawaida ni kwamba mama haligusi fundo: anamvuta mtoto pembeni ndani ya kitambaa kilekile, mtoto anakunjika kiunoni, na kidevu kinaelekea kule kule tusikotaka kiende. Kwa mtoto wa miezi 7 au 8 anayejigeuza mwenyewe hilo halinisumbui. Kwa kichanga nalikataa.

Kuna na suala la urefu. Khanga moja ina takriban mita 1.5 kwa mita 1, na mwanamke mwenye mwili, akishazungusha kitambaa begani na mgongoni na kumwekea mtoto nafasi, hubaki na ncha fupi zisizotosha fundo la kuaminika. Kitenge cha yadi 2, ambacho ni kama mita 1.8, humfaa zaidi. Wako wanaofunga fundo la kuteleza, linalopanda na kushuka juu ya ncha nyingine, na kwa kitenge kirefu jambo hilo hufanikiwa. Kwa khanga urefu huisha kabla ya kufika. Jambo jingine ambalo mabinti wengi huambiwa wakiwa wamechelewa: khanga mpya yenye wanga wake wa kiwandani huteleza kwenye fundo. Tumia iliyofuliwa mara nyingi hadi ikawa laini, na ile mpya ya zawadi iache ikae kabatini kwa muda.

Mbeleko ya pete inajibu tatizo hilohilo la fundo. Muundo wake ni wa juzi tu: inatajwa kwamba Rayner Garner aliibuni huko Hawaii mwaka 1981 kwa ajili ya mkewe na mtoto wao, kisha daktari wa watoto William Sears akaisambaza Marekani. Ni kitambaa kimoja cha upana wa sentimita 70 hadi 75 na urefu wa karibu mita 2, ambacho ncha yake moja imeshonewa pete mbili. Ncha nyingine inapita ndani ya pete zote mbili kwa pamoja, inarudi juu ya pete ya kwanza na kupenya ndani ya ile ya pili, na mkia unaning'inia kifuani. Hakuna fundo wala kifungio. Uzito wa mtoto unakibana kitambaa kati ya pete, na kadiri anavyokuwa mzito ndivyo kinavyobanwa zaidi.

Naomba nieleze kwa utulivu namna ya kunyonyesha nayo, kwa sababu hapa ndipo pesa yako inapoonekana. Pete zikae juu, usawa wa mtulinga, wakati wa kuvaa; baada ya kuvuta na kukaza zitashuka zenyewe kidogo. Tuseme pete ziko bega la kulia na mtoto yuko kifuani akiegemea kushoto. Mkono wa kushoto unamshika makalioni na kubeba uzito wake. Kidole gumba cha mkono wa kulia kinainua pete ya juu kidogo sana, na papo hapo kitambaa kinaanza kuteleza; mtoto anashuka taratibu, akiwa wima vilevile, hadi mdomo wake ufike usawa wa chuchu ya kushoto. Unaiachia pete, na kitambaa kinajibana palepale. Kisha unalegeza ukingo wa juu peke yake, ili kichwa kipate nafasi ya kurudi nyuma na pua ibaki wazi, huku ukingo wa chini, ule unaoshika magoti, ukiachwa umekaza. Kitambaa cha juu kisivutwe juu ya kisogo kumsukuma ziwani; kichwa kishikwe na kiganja chako, si na mbeleko.

Akimaliza, unamwinua kwa mkono uleule wa kushoto hadi alipokuwa, na kwa mkono wa kulia unauvuta mkia vipande vipande: kwanza nyuzi za ukingo wa chini, halafu za katikati, halafu za juu. Ukiuvuta mkia wote kwa mkupuo mmoja utakaza katikati tu na kingo zitabaki zimelegea. Kosa hilo naliona kwa karibu kila anayeanza, naye huilaumu mbeleko. Kumpandisha huku kunachukua muda mfupi kuliko kutafuta chenji ya konda, na mtoto haamki. Khanga haiwezi jambo hili, na wala zile za mikanda haziliwezi kwa wepesi huo.

Kwenye kivuko cha Magogoni siku moja mama mmoja mtu mzima alikuwa akinitazama kwa muda, na baada ya salamu akaniuliza, "Mwanangu, huyo mtoto anapumua humo?" Nikamsogelea akamwona mwenyewe: uso wazi, kidevu juu, jasho kidogo kwenye paji. Akaridhika, ila akaongeza kwamba bega langu litanikumbusha jioni. Alisema kweli. Uzito wote uko upande mmoja, na dawa yake ni kubadilisha bega kila safari na kukitandaza kitambaa hadi kifunike kifundo cha bega, kisikusanyike shingoni. Mtoto akikaribia kilo 9 au 10, safari ya zaidi ya nusu saa kwa miguu inakuwa adhabu, ingawa watengenezaji wengi huandika kwamba zinabeba hadi kilo 15 na zaidi. Kitambaa kinaweza, wewe huwezi.

Joto nalo nililipima, maana tunaishi Pwani. Kitambaa ni tabaka moja tu mgongoni mwa mtoto, na wakati wa kaskazi hiyo ni tofauti kati ya mtoto mwenye vipele vya joto na asiye navyo. Pamba iliyofumwa imara inatosha. Mchanganyiko wa pamba na kitani ni bora zaidi kwa jasho na haulegei, ila ukiwa mpya huwa mgumu na unahitaji kufuliwa na kupigwa pasi mara kadhaa kabla ya kupita vizuri kwenye pete. Polista inayong'aa iache: inateleza kwenye pete, na inampika mtoto.

Sasa pete zenyewe, ambazo ndizo hatari iliyojificha. Kwa kuwa mbeleko hizi zilizoagizwa nje hugharimu fedha inayoweza kununua doti kadhaa za khanga, watu huamua kumpelekea fundi kitambaa na pete walizozipata Kariakoo. Kushona si tatizo. Fundi yeyote mwenye cherehani nzuri na uzi imara ataweza, mradi apige mistari mitatu ya mshono inayopita upana wote wa kitambaa na kuachana kidogo. Pete ndizo tatizo. Nyingi zinazouzwa kwa ajili ya mapazia, mikoba na mikanda zimepindwa kutoka kwenye waya na kuungwa, na pale zilipoungwa pana mwanya au uvimbe wa kulehemu. Chukua pete moja, ipitishe ukucha kuizunguka yote. Ukucha ukikwama popote, hapo ndipo itakapofunguka, na hata isipofunguka uvimbe huo utakata nyuzi za kitambaa polepole. Zinazofaa ni za alumini au nailoni ngumu zisizo na kiungo kabisa, zilizotengenezwa na kupimwa mahususi kwa mbeleko za watoto, na upana wa ndani wa karibu sentimita 7.5 kwa kitambaa cha unene wa kawaida. Muuzaji mmoja alinihakikishia, "Dada, hizi hata ng'ombe hazikatiki," na pengine ni kweli kwa ng'ombe. Mshono wa kulehemu ulikuwa unaonekana kwa macho. Pete hizi za mbeleko huuzwa peke yake na wanaoagiza vifaa kutoka nje, na gharama yake pamoja na ya fundi hubaki chini sana ya ile ya mbeleko nzima. Kama fedha ni chache, hapo ndipo pa kuzitumia.

Kitambaa cha kuvutika, kile kirefu cha takriban mita 5 kinachozungushwa mwilini na kufungwa nyuma au mbele, nitakieleza kwa ufupi. Kwa wiki za mwanzo nyumbani ni kizuri sana: kinabana kama mikono, kinagawa uzito mabega yote mawili, na unaweza kukifunga asubuhi ukamtia na kumtoa mtoto bila kukifungua. Kunyonyesha ndani yake kunawezekana kwa kumshusha na kusogeza pande la begani. Lakini njiani kina maudhi mawili yasiyotibika hapa kwetu. La kwanza ni joto, kwa kuwa tabaka tatu za kitambaa zinampita mtoto mgongoni; la pili ni mikia, ambayo ukijaribu kukifunga kituoni inafagia vumbi au matope ya Jangwani, na baadaye hiyohiyo ndiyo inayompita mtoto usoni. Baada ya kunyonya hakirudi juu pasipo kufunguliwa na kufungwa upya, na kwa kipimo nilichokiweka hapo juu hilo linakitoa. Kwa mama wa Arusha, Njombe au Limuru, ambako baridi ni ya kweli, nisingeshangaa akikipenda kuliko mimi.

Mbeleko za mikanda zinahitaji kutenganishwa, maana dukani huwekwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna zile nzuri, zenye mkanda mpana wa kiunoni, kitako kipana kinachoshika mapaja na mabega yenye sponji; na kuna zile nyembamba katikati, ambazo mtoto huning'inia kwa mapaja, miguu ikilegea chini, mara nyingi akitazama mbele. Za aina ya pili zimejaa madukani na mitumbani, ni za bei nafuu, nami siwezi kumshauri yeyote azinunue kwa ajili ya kunyonyesha: mtoto aliyetazama mbele hana njia ya kufika ziwani, na aliyegeuzwa kifuani hukaa juu mno na kwa kuning'inia.

Zile nzuri nazikubali kwa shughuli ndefu. Mtoto wa miezi 6 na kuendelea, kutembea kutwa, kupanda ngazi za ofisi: bega halilalamiki, kwa sababu uzito uko kiunoni. Kunyonyesha kunahitaji ulegeze mkanda wa bega upande wa ziwa unalotaka na kuushusha mkanda wa kiunoni kuelekea nyonga. Kushuka si kazi. Kupanda kunataka mikono yote miwili, na kama mikanda inaungana nyuma katikati ya mabega, hapo utahitaji jirani mwema. Siti ya daladala yenye watu watano wa kuketi na kumi wa kusimama haikupi nafasi ya kiwiko. Ukiamua kuinunua, tafuta ambayo vibana mikanda vyake viko mbele chini ya kwapa, vinavyovutwa kuelekea mbele, na ambayo uzito wa chini ulioandikwa unamhusu mtoto wako, kwani baadhi huhitaji kifaa cha ziada kwa kichanga. Uwe mwangalifu na majina makubwa yanayouzwa kwa bei ya kutupa: mbeleko za Ergobaby, kwa mfano, zimeigwa mno hata watengenezaji wenyewe wameonya wanunuzi. Angalia mshono wa kila mkanda, na vifungio vya plastiki vibonyeze mara kadhaa usikilize kama vinajifunga kwa mlio mmoja thabiti.

Nisamehewe kichepuko kimoja. Biashara yote hii ya mikanda ina deni kwa mama wa Kiafrika. Muuguzi wa Marekani, Ann Moore, alikwenda Togo miaka ya 1960 kama mfanyakazi wa kujitolea, akawaona wanawake wakiwabeba watoto mgongoni kwa kitambaa. Aliporudi kwao na kupata mtoto akashirikiana na mama yake mzazi, Lucy Aukerman, kushona kilichokuja kuitwa Snugli, ambacho kilipata hataza mwaka 1969. Sasa wazo hilo linarudi kwetu likiwa na vifungio vya plastiki na ushuru wa bandari juu yake.

Mbeleko zenye kiti cha sponji kiunoni sikuzipenda: ni kubwa kama mzigo wa pili, hazifai kabla mtoto hajakaa mwenyewe, na kiti humpandisha juu kupita ziwa. Zile za muundo wa mfuko uliofungwa pande zote, zinazomlaza mtoto chali katikati yake, ndizo za muundo ule ulioondolewa sokoni mwaka 2010. Ukizikuta mtumbani, hata zikiwa mpya na za bei ya mchicha, ziache.

Mavazi yanahesabika kuliko wengi wanavyodhani. Dera, ambalo ndilo vazi letu la uzazi, halishirikiani na mbeleko yoyote ya kifuani, kwa sababu hakuna pa kulifunulia bila kuliinua lote. Blauzi ya vifungo juu ya sketi, au gauni lenye zipu mbili za pembeni, linatosha. Vaa nguo kwanza, kisha mbeleko, na uhakikishe kwamba sehemu ya nguo inayofunguka haifunikwi na kitambaa cha bega. Kwa stara, mkia wa mbeleko ya pete unaweza kupandishwa na kushikizwa kwenye pete ukafunika upande wa ziwa, nao ni mpana wa kutosha. Mtandio ukitupwa begani unafanya kazi hiyohiyo. Sharti ni moja: stara ifunike ziwa, uso wa mtoto uonwe na mama muda wote kutokea juu. Khanga nzito iliyotupwa juu ya kichwa cha kichanga kwenye jua la saa saba mchana inatisha kuliko macho ya abiria.

Na kuna mahali pa kutonyonyesha hata kama mbeleko inaruhusu. Juu ya bodaboda, hapana, na kwa kweli kichanga mwenyewe hana kazi juu ya bodaboda. Jikoni penye moto au mafuta, hapana. Katika gari dogo lenye mkanda, mtoto ana kiti chake, na mbeleko ya aina yoyote haiwi badala yake breki zikifungwa ghafla. Gari lisimame, anyonye, liendelee. Daladala na mwendokasi hazina viti hivyo, kila mtu anajua, kwa hiyo ninachofanya ni kukaa, kumwegemeza mtoto upande wa dirisha, mkono mmoja kwenye kisogo chake kila wakati. Wakati wa kutembea huwa nasimama pembeni hadi amalize kushika ziwa, na mwendo wenyewe huwa wa pole, kwa sababu mtikisiko humfanya avute chuchu, na atakayelia kwanza ni mimi.

Matunzo ni machache. Pete za alumini huzivisha soksi kabla ya kufua kwenye mashine ili zisigongane; kwa mkono hazina tatizo. Anika kivulini, kwani jua letu hula rangi kwanza na nyuzi baadaye. Kila mara kabla ya kuvaa, vuta mshono wa pete kwa nguvu na uutazame. Maziwa yaliyocheuliwa na jasho hujikusanya hapo hapo kwenye mikunjo ya bega, na uzi huanza kuoza usipofuliwa.

Ukienda kununua, Mtaa wa Uhuru na Kariakoo kwa Dar es Salaam, au Biashara Street kwa walioko Nairobi na Mombasa, ndiko kwenye vitambaa. Mbeleko za pete zilizoshonwa tayari utazikuta zaidi kwa wanaouza vifaa vya watoto vilivyoagizwa. Uliza urefu kwa mita, usikubali neno la "saizi moja kwa wote": mwanamke mwembamba akivaa ya mita 2.2, mkia unamfika magotini na kumkwaza, na mnene akivaa ya mita 1.7, hana mkia wa kuvuta. Mkia unaofaa unaishia kati ya kiuno na paja baada ya kukaza. Nenda na mtoto, na saa yake ya kunyonya iwe imekaribia. Vaa, kaza, shusha, nyonyesha hapohapo kwenye kiti cha duka, halafu mpandishe. Kama hukuweza kumpandisha kwa mkono mmoja huku mwingine ukikaza, jaribu nyingine. Na mwenye duka asiporuhusu kujaribu, duka la pili liko hatua chache tu.